Barua kwa mwanangu: siku moja Isla Mujeres

Mwanangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa mumeo na kwa wajukuu zangu. Umesema Jumapili yenu huko Mexico mwataka ipite bila ratiba, nyinyi na marafiki zenu, kuoga na kula tu. Vizuri. Lakini raha ya siku kama hiyo hutengenezwa kabla ya saa nne asubuhi. Baadaye jua huwa limekolea na vivuli vyote vina wenyewe.

Nendeni Playa Norte, ufuo wa kaskazini wa kisiwa cha Isla Mujeres. Feri kutoka Puerto Juárez, pale mjini Cancún, huchukua kama dakika 20. Nakuchagulia hapo kwanza kwa sababu ya mwani. Tangu mwaka 2015 hivi mwani wa sargaso hufika pwani hiyo kwa marundo, zaidi katika miezi ya joto, na ukioza hunuka kama yai viza. Unasukumwa na upepo wa mashariki, na Playa Norte imeyapa mashariki mgongo, kwa hiyo mara nyingi husalimika. Pili, maji ni ya kina kifupi: mtu mzima huenda mbali yakiwa kiunoni tu. Upande wa mashariki wa kisiwa mkautazame kwa macho. Mawimbi na miamba yake si ya kuogea.

Fukwe za Mexico ni mali ya umma, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2020 inakataza kuwazuia watu kuzifikia. Tandikeni mkeka wenu bila malipo. Viti na miavuli ni vya wenye mikahawa. Kabla hamjakaa uliza kama bei ni kodi ya kiti au ni kile wanachokiita consumo mínimo, yaani kiasi mnacholazimika kula na kunywa. Ukiuliza wakati wa kulipa umechelewa.

Bendera za ufuoni mwazijua: kijani ogeni, njano kwa tahadhari, nyekundu msiingie.

Losheni ya kuzuia jua wengi hujipaka nusu ya inayotakiwa, ndiyo maana huungua na huku wamejipaka. Mtu mzima anahitaji kama mililita 30 kwa mwili mzima, vijiko sita vya chai, dakika 20 kabla ya kutoka kivulini, kisha tena kila baada ya saa mbili na kila mnapojifuta maji. Watoto wavae fulana za mikono mirefu. Kwenye maji mafupi mgongo ndio unaobaki juu, na ndio unaobabuka.

Sasa chakula. Mkitaka samaki wa huko hasa, ulizeni tikin xic. Ni jina la Kimaya, tamka tikin-shik. Ni chewa au changu, hupasuliwa mgongoni akafunguliwa bapa, akapakwa achiote. Achiote ni ile mbegu nyekundu ya mrangi inayolimwa kwetu Kwale, ila wao huisaga na kitunguu saumu na viungo. Huilainisha kwa maji ya danzi, wakamfunga samaki kwa jani la mgomba na kumweka juu ya makaa. Ukitaka kumpika mwenyewe mlikofikia, kwa samaki wa kilo moja na nusu tumia gramu 100 za achiote hiyo iliyosagwa na kikombe kimoja cha maji ya danzi. Ukikosa danzi, changanya chungwa na ndimu. Mwache saa moja. Akizidi sana, asidi humkausha nyama ikawa kama chokaa. Jani lipitishe motoni mpaka ling'ae, la sivyo litapasuka unapolikunja na mchuzi wote utazima makaa. Mkimla mkahawani, agizeni mara tu mnapofika, kabla ya kuoga, kwa sababu samaki mzima wa makaa haivi kwa dakika kumi tu. Watoto waliotoka majini na njaa hawajui kungoja.

Embe za vipande zenye ndimu, chumvi na unga wa pilipili zitawakumbusha nyumbani. Ila ndimu, mwanangu, uiangalie sana. Maji yake na mafuta ya ganda lake yakibaki kwenye ngozi juani, huichoma. Huoni kitu siku hiyo. Baada ya siku moja au mbili hutoka malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki kadhaa. Ndimu zikamuliwe kivulini na mtu mmoja, kisha anawe kwa sabuni mpaka kwenye vifundo, na watoto wafutwe midomo na videvu.

Maji ya kunywa yawe ya chupa, ya mfereji hapana.

Jioni msikimbilie feri jua linapozama, maana foleni huwa ndefu wakati huo. Sisi wa Mombasa tumezoea jua linalochomoza baharini. Hapo Playa Norte utaliona likiingia majini. Kaeni mkekani, watoto wakiwa wamefunikwa kanga kavu, mpande feri ya baadaye. Saa ya feri ya mwisho uiulize asubuhi mnapokata tikiti.

Mama yako