Barua kwa wazazi na walezi wa Kidato cha Nne: njia za mtoto baada ya mtihani wa Novemba

Ndugu wazazi na walezi,

Tunafunga muhula leo, na vijana wenu wanarudi nyumbani na ripoti zao. Naomba msiishie kutazama daraja. Daraja ni jumla ya masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, lakini nafasi ya Kidato cha Tano inategemea pia alama za masomo ya tahasusi yenyewe (yale matatu atakayoyasoma huko), na C huanzia alama 45. Mwanafunzi mwenye B ya Biolojia na B ya Jiografia, kisha Kemia akapata 44, ana D katika somo moja la CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia), na hilo humpunguzia nafasi. Kwa hiyo chukueni kalamu mzungushie masomo matatu ya tahasusi anayoitaka. Lililo kati ya 35 na 44 ndilo la kupewa saa nyingi likizo hii. Anayetaka EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) aangalie Jiografia na Hisabati, maana Uchumi atauanza hukohuko Kidato cha Tano.

Kidato cha Tano si njia pekee, na inasikitisha kuona mzazi akiona aibu mtoto anapochagua chuo. Vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) hupokea wenye D nne, masomo ya dini yasihesabiwe. Uuguzi na utabibu hudai Kemia, Biolojia na Fizikia ziwe miongoni mwa hizo nne. Hapa ndipo wengi hukwama: kijana aliacha Fizikia Kidato cha Tatu, leo anataka uuguzi. Kama wa kwenu ni mmoja wao, mwelezeni sasa, atafute fani nyingine mapema. Akimaliza stashahada kwa GPA ya 3.0, anaweza kuomba shahada katika fani inayoendana nayo.

Kwa VETA (vyuo vya ufundi stadi), msisubiri matokeo. Mafunzo ya muda mrefu huanza Januari na fomu hutoka miezi kadhaa kabla, ilhali matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani) hutoka mwezi huohuo wa Januari. Anayesubiri hupoteza mwaka mzima.

Fomu za uchaguzi wa tahasusi na vyuo (Selform) hujazwa hapa shuleni. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua mfumo ili mwanafunzi abadilishe machaguo kulingana na alama alizopata. Muda huo ni mfupi. Namba ya mtihani na nywila viandikwe kwenye daftari nyumbani, visibaki kwenye simu ya rafiki.

Jambo la mwisho, ambalo huleta machozi miaka mitatu baadaye: majina. Leteni cheti cha kuzaliwa tukilinganishe na jina lililosajiliwa NECTA. "Hamisi" huku na "Khamis" kule humtaabisha mwombaji wa mkopo HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), kwa sababu cheti hicho lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi afuatilie pia cheti cha kifo. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze likizo hii, kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Shule ikifunguliwa, kila mwanafunzi atakaa na mwalimu wa ushauri na unasihi pamoja na mzazi au mlezi mmoja. Njooni na ripoti hii ikiwa na alama zenu za kalamu, nakala ya cheti, na machaguo matatu mliyokubaliana: tahasusi moja, chuo kimoja cha kati, fani moja ya ufundi.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule