Siku 60 za Hanoi zisiitwe kushindwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vita vya ukombozi vya Vietnam dhidi ya wakoloni Wafaransa iliyapa mapigano ya Hanoi sentensi moja tu, ikasema kwamba Wavietnam walishindwa mapema, wakaukimbia mji. Naomba nafasi nilipinge neno hilo, kwa sababu anayeyapima mapigano yale kwa kuuliza ni nani aliyebaki na mji hawezi kuelewa vita vilivyofuata hadi mwaka 1954.

Ho Chi Minh, kiongozi wa Wavietnam, alikwisha kutangaza uhuru Septemba 2, 1945, akaenda Ufaransa kutafuta maelewano, akarudi na makubaliano yasiyogusa kiini cha uhuru wenyewe. Novemba 1946, ugomvi ulioanzia kwenye ushuru wa forodha uliishia kwa Wafaransa kuupiga mji wa bandari wa Haiphong kwa mizinga, raia wengi wakafa. Usiku wa Desemba 19, saa mbili, umeme wa Hanoi ulizimwa, na giza hilo ndilo lililokuwa ishara ya kuanza.

Wafaransa walikuwa na vifaru na ndege. Wapiganaji wa mitaa ya kale walitoboa kuta za nyumba zilizobanana, moja hadi nyingine, hata mtu akaweza kupita mtaa mzima bila kukanyaga barabara; na barabarani walirundika vitanda, makabati na mabehewa ya tramu. Wapo waliokikabili kifaru kwa bomu lililofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, silaha ambayo aliyeitumia aghalabu hakurudi. Nimeitazama mara nyingi picha ya kijana aliyeishika, na sijawahi kuipita upesi.

Siku 60 hizo ndizo zilizoipa serikali ya Ho Chi Minh muda wa kuhamishia watu na mitambo yake katika milima ya Viet Bac, kaskazini mwa nchi. Kisha, usiku wa Februari 17, 1947, kwa amri wala si kwa hofu, wapiganaji zaidi ya 1,000 walijipenyeza chini ya daraja la Long Bien, Wafaransa wakiwa wanalilinda, wakauvuka Mto Mwekundu. Kikosi hichohicho, kilichoitwa cha Mji Mkuu, kilikuwa miongoni mwa vilivyoingia Hanoi Oktoba 10, 1954, miezi 5 baada ya Wafaransa kushindwa huko Dien Bien Phu.

Naomba basi, katika toleo lijalo, mahali palipoandikwa “walishindwa” pasahihishwe na kuwa “waliondoka”.

Msomaji wenu wa siku nyingi