Baba, usikubali swichi ing'olewe

Hamburg, Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. (Umeona? Bado naikumbuka ile ya shuleni uliyokuwa ukiicheka.)

Mama ameniambia kwamba tangu kishikio cha swichi ya taa kimeguke, unamwashia Kobe, ile Volkswagen yako, taa kwa koleo, na koleo lenyewe linakaa juu ya dashibodi kama tasbihi. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini aliposema fundi wa Gerezani anataka kung'oa swichi nzima na kufunga ya bodaboda chini ya usukani, kicheko kikakatika. Baba, usikubali. Swichi yenyewe haina ugonjwa: ukivuta hatua ya kwanza taa ndogo zinawaka, ya pili zinawaka kubwa. Sasa hapo anatibu nini? Ile ya bodaboda imetengenezwa kwa taa moja. Kobe ana mbili, wati 45 kila moja zikiwa kali. Kwa betri ya volti 12, hizo ni ampea saba na nusu, bado hujahesabu taa za nyuma. Itachemka, na tangi la petroli la Volkswagen unalijua liko wapi: huko huko mbele, nyuma ya dashibodi.

Kishikio nimekipata. Jana nilizunguka soko la vipuri vikuukuu hadi vidole vikafa ganzi. Mzee mmoja, kabla hata ya kutaja bei, aliniuliza gari la mwaka gani. Nikamjibu 1970. Akakirudisha alichokuwa amekishika: vya hadi 1967 uzi wake wa skrubu ni milimita 4, kuanzia 1968 ni milimita 5. Kisha nusura anipe cha waipa! Nilikitambua kwa kile kitufe cha katikati cha kurushia maji. Akaniangalia upya. Nikamwambia nimekulia kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo. Yuro sita, na hakupunguza hata senti. Huku si Kariakoo.

Binti wa shangazi anarudi mwisho wa mwezi, atawaletea hapo Ilala. Kimo ndani ya soksi ya kijivu, msije mkaitupa.

Kazi yenyewe mwachie Juma, ila ukae karibu. Ainue kiti cha nyuma, afungue waya wa hasi wa betri kwanza. Halafu avute swichi mpaka mwisho ili shina litokeze, alizungushie kipande cha tyubu ya baiskeli na kulibana kwa koleo, asiling'ate chuma kwa chuma. Kwa koleo la pili azungushe kile kipande kilichobaki, kinyume cha saa. Ikiwa shina litazunguka nacho asishtuke, ndilo linalopunguza mwanga wa dashibodi. Likifika mwisho litasimama. Uzi ukigoma (na kwa chumvi ya bahari yetu utagoma), atie tone la mafuta mlale, aendelee kesho yake. Asitumie nguvu, akilivunja shina ndipo yule fundi wa bodaboda atakapopata ulaji.

Kipya kinafungwa kwa vidole tu. Kikikaza mzunguko wa kwanza, kimeingia upande. Akitoe aanze upya. Na supaglu iwe mbali kabisa! Tunamjua Juma. Bado nakumbuka viatu vyangu vya Idi.

Ukimaliza, mpeleke Mama Coco Beach usiku mkale mihogo, maana ameapa hapandi Kobe giza likiingia hadi koleo litoke kwenye dashibodi. Na hilo koleo, Baba, anasema ni la jirani, amekuja kuliulizia mara mbili.

Mwanao,
Zuhura