Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri yetu: mtoto hupimwa uzito, mama haulizwi

Moshi, Julai

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: KUKUMBUSHIA AHADI YA HUDUMA YA AFYA YA AKILI KWA AKINA MAMA WALIOJIFUNGUA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tatu kwako juu ya jambo hili hili. Ya kwanza niliileta mwenyewe ofisini mwezi Novemba, kwa ajili ya binti wa jirani yangu, ikagongwa mhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma Februari, nikajibiwa kwa simu, tena kwa adabu kubwa, kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Nilifundisha shule ya msingi miaka 38, na sikuwahi kumkubalia mtoto aliyeniambia kwamba zoezi lake linafanyiwa kazi huku daftari likiwa tupu. Kwako nilisubiri, kwa kuwa nilikuheshimu na bado nakuheshimu. Leo naandika hadharani kwa sababu ya yaliyotokea nyumbani kwangu Jumatano ya wiki iliyopita.

Saa kumi na moja alfajiri niliamka nikamkuta mjukuu wangu wa wiki 11 amelazwa ubavuni kwangu, amefunikwa vizuri kwa khanga, na miguuni pake ipo kadi yake ya kliniki na nguo zake zote, zimekunjwa. Mama yake hakuwamo ndani. Nilimkuta chini kihambani, kwenye shamba letu la migomba, kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, miguu mitupu katika baridi hii ya Julai ambayo unaijua, amekaa anatazama maji. Aliniambia maneno machache tu: "Mama, kwako atakuwa salama kuliko kwangu." Sitasimulia zaidi ya hapo. Mkamwana wangu ameisoma barua hii kabla haijatoka, amefuta sentensi mbili, na hizi zilizobaki ameziruhusu mwenyewe.

Asubuhi hiyo tulikwenda zahanati. Muuguzi alikuwa peke yake, na foleni ya akina mama wenye watoto ilikuwa imefika nje hadi kwenye mti. Alimsikiliza kwa dakika tatu hivi, mbele za watu, kwa kuwa chumba chenye mlango kimejaa maboksi. Akasema ni uchovu wa uzazi, apewe mtori, apumzike, na tumwombee. Kisha akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba yale maneno ya mfongo nisiyarudie popote, kwa sababu kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Hakukosea: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ndivyo kinavyosema. Simlaumu yule binti, na hata jina la zahanati silitaji, maana pale yupo peke yake na kila mtu atamjua.

Lakini mtori, Daktari, ameshakula wa kutosha. Sisi Wachagga hatuna cha kuona aibu kuhusu namna tunavyomtunza mzazi: miezi mitatu hashiki jembe wala hachoti maji, anachinjiwa, anapikiwa mtori, analetewa mlaso wa damu, na mama mkwe ndiye mwenye zamu. Mimi niliyafanya yote hayo kwa moyo mmoja, nikiamini kwamba mwili ukishiba moyo utafuata. Wiki ya tatu, nilipomkuta analia huku mtoto amelala usingizi mzito mapajani mwake, nilimwambia jambo ambalo nalijutia kila nikikumbuka, kwamba sisi tulizaa tukiwa hatuna hata kipande cha sabuni na wala hatukulia.

Ni uongo. Mwaka 1983, mwaka ule wa foleni na msako wa walanguzi, nilijifungua mwanangu wa kwanza, nikalia migombani tangu masika hadi vuli, nikimwangalia mtoto wangu kana kwamba ni wa jirani, nimeachiwa nimshike kidogo. Mama mkwe wangu alisema nimeingiliwa na kitu, wazee wakaitwa. Nilipona bila kujua nilichougua. Neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nimelisikia nikiwa mstaafu, tena nimelisikia kutoka kinywani mwako.

Ilikuwa Machi mwaka jana, Siku ya Wanawake, katika uwanja wa shule. Ulieleza vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, na nasema hivyo bila kejeli. Ulisema machozi ya siku za mwanzo, yale yanayoanza kama siku ya tatu na kukoma ndani ya wiki mbili, huwapata wanawake wengi na hayahitaji dawa. Ulisema yakivuka wiki mbili, mama akakosa usingizi hata mtoto anapolala, akajiona hafai, akakosa raha ya kitu chochote, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi kama zetu humpata karibu mama mmoja kati ya watano baada ya kujifungua. Ulisema wapo wachache zaidi, mmoja au wawili katika kila 1,000, wanaopatwa na kichaa cha uzazi, na huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kisha ukaahidi kwamba kila zahanati itapata muuguzi mmoja aliyefundishwa, chumba kimoja chenye mlango, na karatasi moja ya maswali 10, kabla mwaka wa fedha haujaisha. Niliandika kwenye daftari langu. Tangu siku ile mwaka wa fedha umeisha mara mbili, kwa hiyo labda kosa ni langu, sikuuliza ni mwaka upi.

Naomba nibaki kwenye karatasi. Maswali hayo 10 yanaitwa ya Edinburgh, yametumika tangu 1987, na Kiswahili chake kipo. Hapa hapa Moshi yamekwisha kuulizwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 1,000 tangu wakiwa wajawazito, ukakuta kama 12 katika kila 100 wana dalili za sonona baada ya kujifungua, na kwamba waliofanyiwa ukatili na wenzi wao wakati wa ujauzito walikuwa katika hatari zaidi ya mara tatu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mama aliyejifungua apimwe kwa maswali ya aina hiyo. Kwa maneno mengine wataalamu walikuja kwetu, wakauliza, wakajibiwa, wakachapisha, wakaondoka, na mkamwana wangu hajaulizwa.

Wala hakuwa amejificha. Alihudhuria siku ya 7, akahudhuria wiki ya 6, akahudhuria wiki ya 10. Kila alipofika mtoto alitundikwa kwenye mzani, kilo zikaandikwa, mstari wa kadi ukawa unapanda vizuri, akaambiwa, "Hongera mama, mtoto ananenepa." Alirudi nyumbani na hongera hizo, akaenda moja kwa moja kulala akiwa ameelekea ukutani. Swali la mwisho katika yale 10 linamuuliza mama kama amewahi kuwaza kujidhuru. Lingeulizwa wiki ya 6 lingejibiwa, kwa sababu yeye mwenyewe ameniambia kwamba lilikuwa tayari mdomoni, alikuwa anangoja tu mtu aulize.

Utaniuliza, na una haki ya kuuliza, kwa nini mimi sikuuliza. Nilikuwa nimekusikia. Nilikuwa nimeandika barua mbili. Bado ndani ya nyumba yangu sikuona, au niliona nikaita uvivu. Ndiyo maana nasema nyumbani hapatoshi. Mama mkwe ana uchovu wake na makovu yake. Baba wa mtoto ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, na Julai ndiyo msimu wa wapandaji. Alfajiri ile alikuwa kambi ya Barafu na mzigo wa wageni kichwani. (Sheria ya kazi inampa baba aliyeajiriwa likizo ya siku 3. Kibarua wa mlimani hana hata hizo.) Anayeweza kuuliza bila kuwa na kesi na jibu ni mtu wa kliniki.

Kwa nini hawaulizi? Nakisia tu, kwa kuwa hakuna aliyenieleza. Labda vitabu vya MTUHA, vile vya kujaza taarifa za huduma za afya, vimezidi na muuguzi mmoja hawezi kuongeza kingine. Labda fedha zimekwenda kwenye majengo, maana jengo hukatiwa utepe na swali halikatiwi. Au labda, na hili ndilo ninalolihofia zaidi, mnajua kwamba mkiuliza mtajibiwa, na hamna pa kumpeleka aliyejibu.

Kama ni hilo, wapo waliokwisha kulipatia njia bila kuwa matajiri. Pakistan wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wasio madaktari, walifundishwa kukaa na mama nyumbani kwake na kuzungumza naye kwa utaratibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto alipofikisha miezi sita, waliokuwa bado na sonona walikuwa 23 katika kila 100 kati ya waliotembelewa hivyo, na 53 kati ya wenzao. Zimbabwe tangu 2006 mabibi wamefundishwa kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Mimi nina miaka 66, ni bibi, na benchi ninalo. Kwetu nako Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Kitongojini kwetu bado tunawasubiri, na akifika hata mmoja ugali wake upo.

Nimesoma Kanuni ya Adhabu yote wiki hii, kwa sababu usingizi sina. Nalala nimeweka godoro mlangoni. Kifungu cha 199 kinasema mama akimuua mtoto wake wa chini ya miezi 12, naye akili yake ilikuwa haijatulia kutokana na uzazi, hatahukumiwa kama muuaji wa kawaida. Yaani serikali inakubali kabisa kwamba uzazi unaweza kuyumbisha akili ya mwanamke, ila inakubali mahakamani, mtoto akiwa amekwisha kufa. Jaji ana swali la kumuuliza mama. Kliniki haina.

Siku ya pili niliuza mbuzi wa maziwa, tukateremka mjini. Daktari mmoja, hospitali siitaji, alifunga mlango akamuuliza yale 10 kwa muda usiofika dakika kumi. Alipata 21 kati ya 30, na hapo alama zikiwa nyingi ndivyo dalili zilivyo nzito. Amepewa dawa ambayo haimzuii kunyonyesha, na kila wiki tunarudi, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kwa pensheni ambayo wewe pia unaijua. Mbuzi mwingine sina. Nawaza wale wasiokuwa na wa kwanza.

Kwa hiyo, Daktari, nakuomba yote matatu uliyoahidi: muuguzi, chumba, karatasi. Kama muuguzi hapatikani mwaka huu, basi chumba na karatasi, na maboksi tutakuja kuyahamisha sisi wenyewe, akina mama wa kitongoji. Kama chumba nacho kinahitaji kibali, basi karatasi. Kopi nitatoa mimi.

Kwa desturi yetu aliyekosa hupeleka jani la sale kwa aliyemkosea. La kwangu nimempelekea mkamwana wangu, kwa yale maneno ya wiki ya tatu, naye amelipokea. Wewe sikudai sale.

Wiki mbili zijazo mjukuu wangu anatimiza wiki 14, na tutafika zahanati saa mbili asubuhi kwa chanjo. Najua mtoto atapimwa uzito. Swali la kwanza kwenye ile karatasi linamuuliza mama kama bado anaweza kucheka. Naomba siku hiyo awepo mtu wa kumuuliza hilo moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu