Barua kwa Mama Kulwa

Kirumba, Mwanza
15 Oktoba 2024

Mama Kulwa wangu,

Mwangaluka! Huku hatujambo, mtoto homa imemwachia, biashara inasuasua. Barua hii anakuletea Baba Shija na mtumbwi wa kesho, maana simu yako haipatikani tangu ilipozama ziwani, na jambo lenyewe, la kujiandikisha kupiga kura, halingoji.

Jana mdogo wako alikuja hapa soko la Mwaloni na magunia ya dagaa. Nikamuuliza, mmeshajiandikisha? Akasema, "Dada anasema tulimaliza Agosti, kadi tunazo." Halafu akanisikilizisha sauti inayozunguka kwenye simu huko visiwani: ukijiandikisha tena, unafungwa. Niliacha kupima dagaa.

Kabula, ile ya Agosti ni nyingine! Lile ni Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la Tume ya Uchaguzi, la kumchagua rais, mbunge na diwani mwakani. Kujiandikisha mara mbili humo ndiko kosa, na mwenye ile sauti kachanganya watu hapo, sijui ni kwa kutojua au kwa makusudi. Hili la sasa ni orodha ya wakazi wa kitongoji chenu, liko chini ya TAMISEMI, ile ofisi ya serikali za mitaa, la kuchagua wenyeviti wa kijiji na kitongoji pamoja na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, tarehe 27 Novemba. Limefunguliwa tarehe 11, linafungwa Jumapili hii, tarehe 20. Kadi ya Agosti haikuingizi humo.

Unakumbuka uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba 2014? Nilipanga foleni tangu alfajiri, kadi mkobani, mimba ya miezi saba. Nikafika mbele, jina hakuna. Yule kijana akapitisha kidole kwenye karatasi mara tatu, akanitazama kwa huruma. Nilirudi nyumbani nalia. Miaka mitano nikakaa na mwenyekiti ambaye sikumpa wala kumnyima kura. Sitaki yakukute.

Na ninyi mna hoja nzito. Pesa ya choo cha mwaloni mlichanga, mkutano wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi hamjasomewa tangu lini? Eneo la vichanja vyenu likigawiwa mtu mwingine, wa kwanza kuulizwa ni halmashauri ya kijiji. Rais hatakuja kukupimia uwanja wa kuanikia.

Wiki hii mwezi mpevu, wanaume hawaingii ziwani, kwa hiyo Baba Kulwa hana kisingizio. Hata wale vijana wa kambini waliohamia juzi waambie waende, mradi wanaishi hapo, wametimiza miaka 18 na hawajajiandikisha kwingine. Orodha ikishabandikwa, nenda ukaisome mwenyewe, jina kwa jina. Usitume mtoto.

Yule mjomba wa Nansio amepona mguu? Nimesahau kukwambia habari ya Tabu, lakini ile nitakusimulia tukionana.

Kituo chenu kiko shuleni au kwenye ofisi ya kijiji? Ulishapita hapo hata mara moja? Nani kajitokeza kugombea uenyekiti, na kuna mwanamke? Ile sauti nani aliileta kwanza? Nijibu kwa huyuhuyu Baba Shija, anarudi Ijumaa. Ukiniandikia "tayari", usingizi utanijia.

Wako,
Nyamizi