Hivyo vifaa vya kusomea ni sawa, ila si kwa kila somo

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kwenye huu mjadala wa kuleta vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali madarasani naona watu wengi wanavichanganya na vishikwambi, si kitu kimoja jamani. Kindle kwa mfano, iliyotoka 2007, skrini yake ni ya wino wa kielektroniki, yaani herufi hukaa kama zilizochapwa kwenye karatasi, inakula chaji hasa pale unapofungua ukurasa mwingine, kwa hiyo inaweza kumaliza hata wiki bila kuchajiwa, na juani unasoma vizuri tu wakati simu inageuka kioo cha kujitazamia. Halafu mtoto akikwama kwenye neno analigusa tu maana inatokea palepale, haoni aibu ya kuuliza.

Kinachonikera ni kingine. Mwalimu akisema fungueni ukurasa fulani, aliyekuza maandishi na aliyeyapunguza hawapo sehemu moja, maana ukibadili ukubwa wa herufi maneno yanahama kurasa, basi kipindi kinaishia kutafutana. Na michoro ya baiolojia kwenye skrini isiyo na rangi, moyo, mapafu, mishipa, vyote kijivu! Hadithi sawa, nakubali kabisa, sayansi tuachieni karatasi kwanza. Na kabla hamjanunua mtuambie, kikipasuka analipa nani, mzazi au shule?

Mzazi, msomaji wenu