Kipilefti chenye mataa: leni huchaguliwa kabla ya kijani

Wengi wanaokuja kuchukua somo hili kwenye shule yetu ya udereva hapa Tanga wana leseni tayari. Mtaa wa Ngamiani wanaujua barabara kwa barabara, lakini ikitokea safari ya Dar es Salaam, wanaogopa kipilefti kikubwa chenye mataa na leni tatu. Wanatuuliza: "Taa ikiwa kijani, si napita tu?"

Unapita, kama mbele kuna nafasi. Kanuni ya kipilefti ni kwamba anayeingia anampisha aliyemo ndani, anayetokea kulia kwake. Uingereza waliiweka kisheria mwaka 1966, maana ndani palikuwa panajaa hadi hakuna anayetoka. Ila kanuni hiyo inashindwa pale upande mmoja unapomwaga magari mfululizo: wanaosubiri kuingia kutoka pande nyingine hawapati upenyo hata kidogo. Ndipo mataa yanapowekwa, ili mfululizo ule ukatwe na kila upande upate zamu yake. Kwa hiyo, kijani ukiingia huku foleni ya mbele imesimama, utabaki katikati na kuziba zamu ya wenzako.

Vipilefti vikubwa vingine vina mstari wa kusimama na taa yake hata ndani ya mzunguko. Hapo wageni wengi hupitiliza. Njano nayo ni ya kusimama, isipokuwa kama umeshaufikia mstari kiasi kwamba kufunga breki ni hatari. Umeme ukikatika, mnarudi kwenye kumpisha wa kulia. Akiwepo trafiki, fuata mkono wake, taa iache.

Taa inakwambia lini. Wapi unaambiwa na mistari, na hapa ndipo tunapotumia muda mwingi darasani. Mshale wa lami usome mapema, kwani foleni ikijaa magari yanaufunika. Kwa kawaida leni ya kushoto ni ya kutoka kushoto au kwenda moja kwa moja. Ya kulia ni ya kukunja kulia au kugeuza. Mshale ukisema vingine, utii mshale. Mstari wa vipandevipande unavukwa kukiwa salama, ulionyooka bila kukatika hauvukwi. Kuna mahali mistari imechorwa ikijifungua kwenda nje, yaani ukiifuata inakutoa kwenye njia yako bila kumchomekea mtu. Umepitwa na njia yako? Zunguka tena. Mafuta ya mzunguko mmoja ni nafuu kuliko bampa.

Ukishapita njia iliyo kabla ya yako, washa indiketa ya kushoto na utazame kioo cha kushoto. Bodaboda na baiskeli hujibanza huko, na Tanga baiskeli tunazo za kutosha!

Tunaanza kwa kuchora kipilefti kwa chaki sakafuni na kusukuma vigari vya watoto (hata watu wazima wanakifurahia), kisha tunatoka asubuhi na mapema kwa gari letu lenye breki ya mwalimu. Madereva wa bajaji wana kipindi chao. Njoo na leseni yako.